Shujaa Aliyekataa Kuuza Ardhi

Miaka ile ya tisini nilikuwa mwalimu mpya wa historia Kitengela, nimetoka Machakos juzi, najiona profesa. Mwalimu mkuu akaniagiza nipambe ukumbi kwa picha za mashujaa wa nchi yetu kabla ya siku ya wazazi.

Shujaa mmoja, mzee wa Kimaasai aliyewanyima wakoloni ardhi, hakuwa na picha popote. Msomi kama mimi hashindwi. Nikaingia studio moja Kajiado, nikanunua picha ya mzee yeyote mwenye shuka na rungu, nikaandika chini yake: "Marehemu. Hakuuza hata inchi moja."

Siku yenyewe nikahutubu mpaka jasho likanitoka. "Tazameni macho hayo! Huyu angeuza ardhi kweli?"

Wazazi wakaangua kicheko. Nikawahurumia kwa kukosa elimu.

Ndipo mzee mmoja wa suti akasimama mstari wa mbele, akavua miwani yake nyeusi. Macho yalikuwa yale yale.

"Mwalimu, hiyo picha nilipigwa mwaka jana, na kufa bado. Hawa wote unaona hapa, ni mimi niliwauzia ploti. Hata hii yenye shule yako iko."