Siku Mama Furaha alipopiga vigelegele kwenye fainali ya Mizuki, Minnesota

Wakuu, heshima kwenu, mlioamka na mnaokwenda kulala.

Ninachokileta hapa siyo chai. Nikikikumbuka natamani ardhi ipasuke nizame. Atakayeona nastahili kusemwa, ruksa.

Mwaka 2016 nilikuwa nasoma Minneapolis. Nilipanga chumba mtaa wa Phillips kwa Mama Furaha, mkimbizi kutoka Bukavu, mtu wa kwaya na mtu wa watu. Mimi ni mpangaji tu, lakini ugali na sombe, yaani kisamvu, nilikula kama mtoto wa nyumbani. Nilipougua homa ndiye aliyenikanda.

Chumba cha pili alikaa Mjapani, Mizuki, nahodha wa timu ya wanawake ya curling iliyotoka kwao kuja kushindana.

Msioijua: unasukuma jiwe zito kwenye barafu, wenzako wanafagia mbele yake ili lifike mbali, na jiwe lililo karibu zaidi na kitovu cha duara ndilo lenye pointi. Mara ya kwanza nilicheka. Yaani ufagio nao ni michezo?

Nilikoma kucheka nilipoanza kumpeleka mazoezini Blaine (huko bila gari huendi, na yeye hakuwa na leseni). Alianza curling akiwa darasa la pili, kaskazini mwa Japan. Baadaye kampuni moja ikamwajiri yeye na wenzake, asubuhi ofisini, jioni kwenye barafu. Akaumia goti, akaachwa. Akarudi kuanza upya na mabinti wadogo kuliko yeye.

Sasa kampuni iliyodhamini timu hii mpya ilishawaambia wazi: mkirudi bila ubingwa wa mashindano ya Minnesota, timu inavunjwa. Mizuki alikuwa na miaka thelathini na nne. Hapakuwa na timu nyingine ya kumchukua.

Wakafika fainali, akatualika. Mama Furaha akavaa kitenge cha kwaya, juu yake likoti la baridi.

Wakuu, ukumbi ule ni kimya kama chumba cha mtihani wa taifa. Watu wanapiga makofi kwa adabu, hata mpinzani akipatia. Kwetu mtu akienda kupiga penalti tunamzomea mpaka apaishe. Kule ni mwiko. Mimi nililijua hilo, na Mama sikumwambia.

Ikabaki jiwe moja tu. La Mizuki limekaa katikati kabisa, mpinzani akikosa, Mizuki ni bingwa. Binti wa timu ya wenyeji akaanza kuteleza na jiwe lake mkononi.

Mama Furaha akasimama. Vigelegele! Vya harusi kabisa.

"Mizuki, mutoto yangu! Oyeee!"

Binti akashtuka. Jiwe likapita pembeni bila kugusa kitu.

Ukumbi mzima ukageuka. Weusi tulikuwa wawili tu mle ndani. Mzungu mmoja mzee aliyekaa nyuma yangu akaniinamia, akauliza kwa upole, "Is she with you?"

Nikamjibu, "No."

Halafu nikasogea viti viwili, nikatoa simu, nikajifanya nasoma meseji.

Kule chini wenyeji walishaanza kunyoosha mikono kutoa pongezi. Mwamuzi kimya, na binti mwenyewe hakulalamika. Mizuki akainua mkono. Akamwambia mwamuzi kuwa mpinzani wake amesumbuliwa na kelele, ana haki ya kurudia.

Kwenye mchezo ule ukigusa jiwe kwa bahati mbaya unajitaja mwenyewe, husubiri mtu akuone. Lakini hili hata halikuwa kosa lake! Moyoni nilimwita mjinga.

Binti akarudia. Jiwe lake likaligonga la Mizuki, likalitoa, lenyewe likabaki. Kwisha habari. Mizuki ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpa mkono.

Desturi yao, mechi ikiisha washindi wanawanunulia vinywaji walioshindwa, na mnakaa meza moja. Mizuki hakwenda mezani kwanza. Alipanda na macho yake mekundu hadi kwa Mama Furaha, ambaye alikuwa bado hajaelewa kilichotokea. Akamwinamia, akamshika mkono, akampeleka mezani, akawaambia wote:

"This is my mother in Minnesota."

Yule mzee alikuwepo pale, kumbe ni babu wa binti aliyeshinda. Akasimama, akampisha Mama kiti.

Mimi nilikuwa mlangoni na funguo za gari, nikiomba wanisahau. Mama akaniona. Akaninyooshea kidole mbele ya watu wote, na kwa kile Kiingereza chake akasema:

"That one, my son. My son too." Kisha akaniita nije nikae, kwa Kiswahili cha kwao, "Kuya ukae, papa."

Mzee akanitazama. Akanivutia kiti.

Nilikaa, soda nikaiacha mezani.

Timu ilivunjwa kweli. Mizuki sasa anafundisha watoto kwao, na yeye na Mama bado wanaongea kwa simu. Kama Mama alisikia ile "No" yangu, sijui. Hajawahi kuniuliza, na mimi sijapata uso wa kumuuliza.

Nilichojifunza: anayekulisha usimkane kwa kuogopa macho ya watu usiowajua hata majina. Mizuki alikuwa na kila sababu ya kumkana Mama siku ile. Mimi sikuwa na hata moja.

Haya, tuambizane wakuu. Wewe ungekuwa kwenye kiti changu, ungemjibu nini yule mzee? Usiniandikie jibu zuri, niandikie la kweli.