Karavani Iliyoganda, na Mama Aliyetungoja Jeddah

Asubuhi ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu, ingawa zipo siku natamani ningeisahau. Tulikuwa kaskazini mwa Saudia, upande wa milima ya Tabuk, mahali ambapo watu wa kwetu hawaniamini nikiwaambia kwamba kunaanguka theluji. Wewe unayejiandaa kwenda kule umesimuliwa habari za joto tu. Mimi nimetetemeka kule mpaka meno yakagongana.

Nilikuwa nikifanya kazi Riyadh, mtaa wa Al-Suwaidi, miaka ile ambayo mawakala walikuwa wakipita kwetu Mariakani nyumba hadi nyumba wakitafuta wasichana wa kupeleka Uarabuni. Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, aliitwa Salim. Mimi nilimwita baba, na mkewe nilimwita madam. Wazee wa Salim walikimbilia Jeddah kutoka Unguja baada ya mapinduzi, yeye akazaliwa huko huko, lakini Kiswahili alikinyonya kwa mamake. Hiyo ilikuwa bahati yangu. Wenzangu wengi walikaa miezi wakiongea kwa ishara.

Mama yake Salim, Bibi Zuwena, alibaki Jeddah na mdogo wake, Bi Mgeni, katika nyumba ya zamani ambayo hakutaka kuihama. Tulipokwenda kumtembelea alikuwa akiniita jikoni, tukae wawili, akikuna nazi na kuniuliza habari za Pwani. Alipenda kucheka. Alinifunza kupika boko-boko, lile la ngano na nyama iliyopondwa, na nilipoliunguza alilila vivyo hivyo akasema limeiva vizuri. Mimi ni Mkristo, Mgiriama, sina undugu naye wowote, lakini aliniita mjukuu wangu mbele ya wageni.

Sasa, mwaka ule baba alinunua karavani, ile nyumba ya magurudumu inayokokotwa nyuma ya gari. Ilikuwa imetumika Marekani kabla ya kufika kwake. Ndani mlikuwa na jiko, choo na vitanda, na ubavuni vyumba viwili vinavyotoka nje kwa umeme ukishaegesha. Unabonyeza kitufe, ukuta mzima unasogea nje pamoja na kochi lake, kama unavyovuta droo ya kabati. Watoto waliviita droo, na sote tukafuata. Baba aliipenda karavani ile, mwanangu, mpaka madam akawa anamtania kwamba ameoa mke wa pili. Ijumaa baada ya sala aliifuta vumbi mwenyewe, wala hakukubali nimsaidie.

Shule zilipofungwa wakati wa baridi, watoto wakataka kuona theluji. Bibi Zuwena alikuwa akikohoa siku hizo. Baba alimpigia kumuuliza kama twende mlimani au tupite kwake kwanza. Alisema, "Nendeni, watoto wakaone. Mkirudi mpite kwangu." Tukaenda.

Theluji tuliiona, kidogo tu mlimani, na watoto wakafurahi. Lakini karavani haikuiweza baridi ile. Sakafu ya droo ni nyembamba na inaning'inia hewani, upepo unapita chini yake. Ukishusha mguu asubuhi unahisi umekanyaga barafu. Kuta zilitoka jasho kwa ndani, magodoro yakaloa pembeni, bomba la maji likaganda. Kisha jioni moja ikanyesha mvua, na baridi ikaingia nyuma yake. Maji yaliyotuama juu ya paa za droo yakawa barafu. Ile mipira inayoziba kingo ikashikana na ukuta kama iliyogundishwa.

Hatukujua hayo mpaka simu ilipolia asubuhi, tukinywa chai. Alikuwa Bi Mgeni. Sauti yake ilisikika mpaka nilipokaa.

"Salim, mamako amezidiwa. Anakuita wewe. Njoo."

Baba aliruka. "Yalla, fungeni kila kitu! Tunakwenda Jeddah."

Nikakusanya vikombe, madam akavisha watoto. Baba akabonyeza kitufe cha droo kubwa. Ikanguruma, isisogee. Akabonyeza tena. Ikalia kama mlango wa kutu.

"Imeganda," madam akasema. "Ngoja jua liipige kidogo."

"Sina muda wa kungoja jua! Dama, chemsha maji."

Dama ndiye mimi. Nikachemsha maji ya dumu, sufuria nzima, nikayamwaga mwenyewe kwenye kingo, nikiona mvuke unapanda nikadhani nimesaidia. Kumbe maji yale yaliteremka mpaka kwenye reli za chini, na kwa baridi ile yakaganda upya, tena mahali pabaya zaidi. Baba alipobonyeza mara hii kitu kilipasuka ndani. Upande mmoja wa droo ukaingia, wa pili ukabaki nje. Ikakaa mshazari, haifungiki, haifunguki, na karavani haiwezi kuvutwa barabarani hivyo.

Hapa ndipo nataka unisikilize, mwanangu. Gari lilikuwa pale. Lilikuwa limeshafunguliwa kutoka kwenye karavani tangu tulipofika, zima, mafuta tele. Na Tabuk kuna uwanja wa ndege.

Madam aliligusa jambo hilo mara moja. "Salim, tuiache hapa."

"Nani ataiangalia? Watu watabomoa mpaka vitasa. Saa moja tu, fundi anakuja."

Saa moja ikazaa nyingine. Baba alilala chini ya karavani kwenye matope, mikono imekuwa myekundu kwa baridi, akigonga reli kwa spana. Hakuwa mtu asiyempenda mamake. Ungemwona ungelia. Alikuwa akihangaika kwa sababu anataka kumfikia, na kila alipozidi kuhangaika ndivyo alivyozidi kukaa pale pale. Nami nilimshikia tochi, nikimwombea apone haraka Bibi, nikiamini kwamba tunafanya kila linalowezekana.

Adhuhuri simu ikalia tena. Safari hii alikuwa Bibi mwenyewe. Baba alisimama, akajifuta mkono kwenye suruali.

"Tuko njiani, mama," akasema. "Tumeshatoka. Ndiyo, mama. Na watoto wapo. Dama pia yupo."

Alipokata simu madam alimtazama, na yeye akatazama chini. Kisha akarudi chini ya karavani.

Fundi alifika alasiri. Akaitoa mota, sote tukaisukuma droo kwa mikono, mimi na madam na watoto, ikafungwa kwa mikanda. Tukaanza safari jua likielekea kuzama, tukiburura karavani taratibu. Tulikuwa tumesimama kutia mafuta wakati Bi Mgeni alipopiga simu ya mwisho. Baba aliisikiliza, akaweka paji la uso juu ya usukani.

"Halas, yamekwisha," akasema kwa sauti ndogo sana.

Jeddah tulifika kesho yake asubuhi. Maiti ilikuwa imeshaoshwa na kukafiniwa, ikimngoja mtoto wa kiume. Bi Mgeni alikuwa amesimama mlangoni. Salim akainama kumbusu mkono.

"Gari liliharibika?" Bi Mgeni akamuuliza.

"Hapana, mama mdogo. Gari zima. Ni ile karavani, iliganda, ikavunjika..."

"Mamako alikuita wewe, Salim. Karavani hakuiita."

Hakupaza sauti. Alimpisha apite, akamalize safari aliyochelewa. Mimi nilibaki pale pale kwenye ngazi.

Baada ya mazishi Bi Mgeni alinikuta jikoni nikiosha sinia. Akanieleza kwamba tangu ile simu ya adhuhuri dada yake alikataa kulala. Alitaka akalishwe kitako, avishwe kanga safi, kwa vile wanawe wako njiani. Kila gari lililopunguza mwendo uchochoroni aliuliza, "Ndio wao?" Mara ya mwisho aliuliza wakati wa adhana ya magharibi.

"Laiti mngesema bado hamjatoka," Bi Mgeni akaniambia, "angelala kidogo."

Nikaiosha tena sinia ile ile iliyokwisha takata.

Baba alibadilika. Karavani aliirudisha Riyadh akaiacha uani, sikumwona akiigusa tena. Wakati fulani nilipata habari kwamba mama yangu mzazi anaumwa. Kabla ya hapo niliwahi kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani akaniambia mkataba haujaisha. Mara hii sikumaliza kueleza. Aliinuka, akafungua kabati, akanipa pasipoti yangu mkononi. "Nenda leo," akasema. Nilimkuta mama yangu hai. Nilimwogesha, nilimsonga nywele, nilikuwepo alipofumba macho. Nilizipata siku hizo kwa sababu Salim alizikosa zake, na jambo hilo limenikaa moyoni vibaya siku zote.

Kwa hiyo ukienda kule, mwanangu, na wakakupeleka jangwani wakati wa baridi, wakumbushe kufuta maji juu ya droo kabla ya jioni na kuzivuta ndani mvua ikitishia. Zikiganda, ngojeni jua. Usimwage maji ya moto, hata ukiamriwa. Sema kwa heshima kwamba uliwahi kusikia yaliyotokea. Hayo ni ya karavani. La mtu ni hili: ukiitwa na anayekupenda, ondoka na ulichonacho mkononi, uache mali ilale ilipo, hata ikiibwa. Na kama bado hujatoka, mwambie hujatoka. Usimwache mgonjwa akae kitako akikungoja kwa neno lisilo kweli.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe kafili mwenye huruma, akulinde na baridi na upweke, na wale unaowaacha hapa akuwekee wazima, mpaka uingie mlangoni nao wakuone kwa macho yao.