Mama Mdogo na Jiwe la Vifungo

Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, mama mdogo hupiga magoti mbele ya tangi la samaki na kupitisha kiganja sakafuni, taratibu, kuzunguka kabati lililolibeba. Kisha hukinusa kiganja. Kikiwa kikavu na hakina harufu ya chumvi, ndipo husimama na kusema, "Haya, mmeamkaje?" Tunaishi ghorofa ya tatu. Anaamini kwamba siku moja kioo kitapasuka, maji yatashuka kwa jirani wa chini, sakafu itayafuata, na sisi tutaifuata sakafu.

Mama mdogo ni mtu wa kuogopa. Ni mdogo wake mama yangu, na kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki ya meno. Humo ndani hana woga hata kidogo. Hushika kisu cha moto, huyeyusha nta, husaga jino mpaka limkae sawasawa mtu ambaye hajawahi kumwona. Akitoka nje ya chumba kile ndipo woga unapomrudia: mbwa, radi, simu inayolia asubuhi mno. Kwa hiyo kaka zake walicheka mpaka machozi waliposikia kwamba yeye, kati ya watu wote, anataka kuweka bahari sebuleni.

Sababu ilikuwa bibi. Bibi ana pumu, na miguu yake haitaki tena ngazi, basi siku nzima hukaa kwenye kiti chake akitazama ukuta. Televisheni aliikataa. "Watu wanaingia nyumbani bila hodi, wanapiga kelele, na nikiwajibu hawasikii," alisema. Kliniki ilipobadilisha samani za chumba cha kusubiri, tangi la kioo lililokuwa pale likakosa mwenyewe. Mama mdogo akaliomba.

Alisoma sana kabla ya kulitia hata tone la maji. Maji ya bomba hayakufaa, akatafuta yaliyochujwa, akakoroga ndani yake chumvi maalumu ya matangi, akipima, akiongeza, akipima tena. Akafunga pampu ya kuyazungusha, hita ya kuyapasha moto na taa ya bluu kwa juu. Kila waya aliulegeza uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likiufuata lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Akapanga mawe ya bahari, yenye matundu na uhai mdogo usioonekana kwa macho. Halafu akakaa kusubiri, kwa sababu maji mapya ya tangi huua mpaka yakomae.

Bibi alitazama mawe na maji kwa wiki nzima.

"Hivi umeniletea maji niyatazame yakichacha?"

"Mama, lazima yakomae kwanza. Tukitia samaki sasa hivi watakufa."

"Na mimi nikifa kabla hayajakomaa?"

"Usiseme hivyo, mama!" Mama mdogo aliweka mkono kifuani. Bibi akanikonyeza. "Umemwona, mke mwenzangu? Mtu mzima huyo, anatishika kama kifaranga."

Walianza kuingia konokono, wa kula ukungu wa kijani kwenye kioo. Baadaye wakaja samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, halafu matumbawe, kipande kimoja kimoja. Vyote alivinunua kwa muuzaji mmoja mwenye masharubu marefu tuliyemwita Kambale, naye mwenyewe aliitikia jina hilo. Kabla ya kumwachilia samaki yeyote, mama mdogo aliuweka mfuko wake uelee juu ya maji, akimchanganyia maji ya tangi kijiko kwa kijiko, midomo ikimcheza kama mtu anayeomba dua. Bibi alisogeza kiti chake mpaka magoti yakagusa kabati. Alikuwa na tumbawe lake, la waridi, ambalo alilisalimia kila asubuhi.

Katika mawe aliyouza Kambale, moja lilikuwa limejaa vinyama vya duara, vya kahawia, vyenye kijani katikati. Ukivigusa vinajikunja. Bibi aliviita vifungo. Mwanzo tulivipenda. Lakini vifungo vilizaana. Vilifunika jiwe lao, vikahamia la jirani, na mwezi ule vikaanza kulipanda tumbawe la waridi.

"Wanamla mwenzangu," bibi alisema.

Mama mdogo hakulala vizuri wiki hiyo. Jumamosi aliamua kulisafisha jiwe kwa njia anayoijua. Kazini kwake, nta ikishamaliza kazi kwenye kalibu ya kuundia meno huondolewa kwa maji yanayochemka, na kalibu hubaki nyeupe, tayari kwa kazi nyingine. Akalitoa jiwe, akalitia kwenye sufuria kuukuu, akawasha jiko. Upepo ulikuwa unazima moto, akafunga dirisha.

Mimi nilikuwa sebuleni nakunja nguo. Kwanza ilikuja harufu, nzito, kama ya kitu kilichosahauliwa ndani ya kiatu kilicholowa.

"Leo tunakula nini?" bibi aliuliza. "Soksi?"

Kisha akakohoa. Akakohoa tena, na kikohozi hakikumwachia nafasi ya kuvuta pumzi. Mama mdogo alitoka jikoni mbio, naye anakohoa, akachukua dawa ya kuvuta ya bibi na kumshikilia mdomoni. Haikusaidia. Akarudia. Midomo ya bibi ilianza kubadilika rangi.

"Mdomo wangu," bibi alisema kwa shida, "kama nimelamba ufunguo."

Mama mdogo alinitazama. Nilikuwa na ladha hiyo hiyo ya chuma ulimini, na kifua kilikuwa kimenibana kana kwamba mtu amenikumbatia kwa nyuma na hataki kuniachia.

"Na wewe?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Na mimi." Sauti yake ilikuwa ndogo kabisa. "Pumu haiambukizi."

Aligeuka kuitazama sufuria. Nilimwona akielewa, na sijawahi kuona uso umebadilika haraka vile. Akajifunika pua kwa khanga, akaingia kwenye mvuke, akazima jiko, akafunika sufuria, akatoka na kuufunga mlango wa jikoni nyuma yake. "Tushuke! Tushuke sasa hivi!"

Tulimbeba bibi na kiti chake. Jirani wa chini, dereva wa teksi, alisikia vishindo akapanda, akashika upande wangu bila kuuliza. Garini bibi hakuweza kusema neno, yeye ambaye hajawahi kukosa neno. Alishika kidole changu tu. Mama mdogo alikuwa akinong'ona kwa kioo cha dirisha, "Nimemuua mama. Kaka zangu nitawaambia nini? Nimemuua mama."

Hospitalini daktari kijana aliuliza, "Ana pumu?" Nikasema ndiyo. Ikawa pumu. Muuguzi akaanza kuandaa dawa za pumu. Kila mtu aliyemjua bibi angesema hivyo hivyo, na hakuna ambaye angeuliza zaidi. Mama mdogo alisimama ukutani, mikono nyuma. Niliiona hofu moja ikipambana na nyingine usoni mwake. Halafu akasogea mbele.

"Daktari, si pumu. Ni mimi."

"Ni wewe vipi, mama?"

"Nimechemsha jiwe."

Daktari alinitazama kama anayeuliza mgonjwa ni yupi hasa. Muuguzi akacheka puani. "Jiwe la nini tena, dada? La kula?"

"La tangi la samaki. Lina vinyama, nadhani vina sumu. Mvuke wake tumeuvuta sote. Huyu mtoto pia. Tafadhali, daktari, msimpe dawa ya pumu mkaniambia nimrudishe nyumbani."

Daktari hakucheka. Aliomba kuona picha, na mama mdogo alikuwa nazo nyingi kwenye simu, vifungo kila upande. Akatoka na simu yake kwenda kumpigia mtu. Alitoka akitembea, akarudi akikimbia. Mpaka pale nilikuwa naamini kwamba mama mdogo ameogopa kupita kiasi, kama kawaida yake. Zile mbio za daktari ndizo zilizonifanya nihisi mkojo ukinibana.

Tulilazwa sote watatu, nyaya zimebandikwa vifuani kuangalia moyo. Bibi alivishwa barakoa ya oksijeni. Homa ilimpanda, meno yakawa yanagongana, na kila mashine yake ilipobadilisha mlio mama mdogo aliinuka kitandani na kurudishwa. "Umefanya vizuri kusema," daktari alimwambia. "Ningetibu pumu, angepata nafuu kidogo, ningewaruhusu. Mngerudi kwenye mvuke ule ule." Hakusema bibi atapona. Tulimsikiliza vizuri, na hakusema.

Kesho yake mchana bibi alisogeza barakoa pembeni.

"Mwanangu, kama umechoka kunilea ungesema tu. Supu ya mawe ya nini?"

Mama mdogo alilia kwa kwikwi, kichwa chake kikiwa kwenye shuka za mama yake, na bibi akampapasa kama mtoto mwenye homa.

Watu wa afya walikwenda kuchukua sufuria, wamevaa kama wanaokwenda mwezini. Kambale aliposimuliwa alikaa chini. "Dada yangu, naapa sikujua. Mimi nayauza tu." Alikuja mwenyewe na glavu, akayatoa mawe yote yenye vifungo yakiwa ndani ya maji, kwenye chombo chenye mfuniko. Kisha akaja mjomba mkubwa, akasimama katikati ya sebule. "Hilo dude linatoka leo."

"Linakwenda wapi?" bibi aliuliza kutoka kwenye kiti chake, sauti bado ya kukwaruza. "Aliyetaka kufa ni mimi. Umenisikia nikilalamika? Ondoka mbele, unanizibia samaki."

Mjomba aliondoka mbele.

Juzi mama mdogo alikuwa anajiandaa kubadilisha maji. Alivaa glavu ndefu, miwani ya kazini na barakoa, madirisha yote yako wazi, bibi amehamishiwa chumbani na mlango umefungwa. Nilikuwa na swali moja tangu siku ile ya hospitali, na nikaona nikiendelea kulibeba sitaliuliza kamwe.

"Mama mdogo, bado unaliogopa tangi?"

"Naogopa sana," alisema. "Nishikie hiyo ndoo, na usitie mkono ndani."