Barua Iliyomnyima Mama Usingizi

Mjomba wangu alikwenda vita vya Uganda na hakurudi. Tangu hapo mama hakutaka kusikia habari za bunduki ndani ya nyumba yetu pale Misigiri. Nilipojiunga na jeshi alinipikia kuku, akanisindikiza hadi barabarani, akarudi nyumbani.

Nilikuwa koplo nilipopelekwa mafunzoni katika nchi moja ya baridi huko Ulaya. Wanajeshi wa kule wana mchezo wao: unateleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni, bunduki mgongoni, na kila baada ya mwendo fulani unasimama kulenga shabaha tano nyeusi, na unayoipata inageuka nyeupe. Ukikosa moja, unazunguka njia ya adhabu ndipo uendelee. Mkufunzi wetu, sajini mmoja mnene, aliniangalia nikilenga siku ya kwanza, akasema, "Jicho unalo. Miguu tutaitafuta."

Miguu haikupatikana upesi. Mimi nilikulia kwenye mashamba ya mtama na alizeti. Mbao zile zilikwenda kila moja upande wake, nami nikaenda chini. Lakini nilipolala kwenye mkeka wa kulengea, moyo ukinidunda mpaka masikioni, nilijua la kufanya. Natoa pumzi, nasubiri, nabonyeza taratibu.

Baada ya miezi minne sajini akaniandikisha kwenye mashindano ya kimataifa ya wanajeshi. Kwa furaha niliyokuwa nayo nikamwandikia mama: "Jumamosi tunapambana na majeshi ya nchi kumi na nne. Niombee."

Nilikuwa wa mwisho. Shabaha tisa kati ya kumi nilizipata, lakini nilianguka mara nyingi hata nikaacha kuhesabu. Nilirudi bwenini nikicheka peke yangu, sikujua kilichokuwa kikiendelea nyumbani.

Nilikijua nilipopata likizo nikaja nyumbani. Nilimkuta mama uani akipepeta mtama. Aliponiona, ungo ulimtoka mikononi. Hakungoja hata shikamoo yangu. Alinishika mabega, akapapasa mikono, akainama kunikagua miguu.

"Wamekupiga wapi?"

"Akina nani, mama?"

"Hao majeshi!"

Dada yangu, ambaye ndiye aliyemsomea barua, alisimama mlangoni akifuta machozi. Akaniambia kwamba tangu siku ile mama halali vizuri, anakula kidogo, na kila gari likisimama barabarani anatoka kuangalia nani kashuka.

Nilimweleza kwamba ule ulikuwa mchezo tu. Alinisikiliza, kisha akasema kwa Kinyiramba kwamba hajawahi kuona watu wakicheza na bunduki. Nilimwelewa. Ningekuwa yeye, nami nisingeamini.

Nilikuwa na kanda ya video ya mashindano yale, aliyonipa sajini. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, vitu vya nje vimejaa madukani, na mtu mmoja alikuwa amefungua kibanda cha video kando ya barabara, akiendesha televisheni kwa jenereta na kuonyesha picha za karate. Nikamwomba mchana mmoja. Akakubali.

Mama aliingia akiwa ameshika mkono wa dada, akaketi benchi la mbele. Kwanza ikaonekana theluji, kisha mimi huyo, nikiteleza na kuanguka. Mzungu mmoja aliyekuwa nyuma yangu akasimama, akanivuta mkono nikainuka.

"Huyo ni wa jeshi lenu?" mama aliuliza.

"Hapana. Ni mpinzani wangu."

"Mpinzani, na amekuinua?"

"Ndiyo, mama."

Nikaonekana nimelala kifudifudi, nalenga. Mama akaziba masikio. Shabaha ya kwanza ikageuka nyeupe, ya pili, ya tatu. Watu kibandani wakapiga makofi.

"Pale risasi inapoingia hakuna mtu?"

"Hakuna mtu. Ni chuma kitupu."

Akatoa mikono masikioni. Nilipoanguka tena, kichwa ndani ya theluji na mbao juu, alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka vile tangu utoto wangu. "Mwanangu anatembea kama ndama aliyezaliwa leo!" akasema, na kibanda kizima kikacheka naye. Mimi nilitazama chini, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Kesho yake mama alilala mpaka jua likapanda. Dada alikwenda kumchungulia mara mbili, akarudi akitabasamu.

Nilirudi Ulaya, nikashindana misimu miwili zaidi. Msimu wa mwisho nilipata shabaha zote kumi, nikawapita watu kumi na mmoja, na magoti yakaanza kuuma. Niliporejea nchini, mkuu wangu wa kikosi aliniita, nikadhani naachishwa kazi, maana wengi walikuwa wanapunguzwa siku hizo. Kumbe alitaka niwafundishe askari wapya kulenga shabaha. Nilipanda basi kwenda kumwambia mama, nikamkuta harusini kwa jirani, anacheza. Nikapewa sahani ya pilau, nikala, nikimsubiri achoke.