Nyasi za Mgodini Nilizozimwagilia kwa Huruma

Alhamisi, tarehe 14 Novemba. Manyunyu tangu alfajiri, na upepo wa kupeperusha kofia.

Sijui hata kama inafaa kuandika haya, maana aibu nyingine mtu huiacha ijifie, lakini leo nimeaibika mbele ya watu ishirini na mmoja (niliwahesabu kwa vikombe) na heri niandike mwenyewe kabla Saidi hajaisimulia kwenye harusi ya mtu.

Mimi nafanya usafi na kupika chai katika ofisi moja ya Fairfax, huku Marekani, inayowapangia wenye migodi kazi zao: wachimbe makaa ya mawe wapi chini ya ardhi, na wakishamaliza, ardhi ya juu waitengeneze vipi. Ukutani kuna mchoro mkubwa wa rangi, chini mashine zinatafuna makaa, juu yake kulungu amesimama kwenye majani mabichi kama amelipwa. Saidi, kijana wa Tanga, ndiye huchora hizo njia za chini kwa kompyuta, na ndiye aliyeniombea kazi hapa, kwa hiyo nikiharibu mimi, naye anaangaliwa kwa jicho baya.

Sasa, tangu Agosti dirishani palikuwa na masanduku sita. Ndani yake yale mawe meusi yanayobaki makaa yakishasafishwa, ambayo kule mgodini yamelundikwa mpaka yamekuwa mlima, halafu juu udongo kidogo tu, inchi nne, na mbegu za nyasi. La sita halikuwekwa udongo wala mbegu, mawe matupu yaliyosagika, la kulinganishia. Palikuwa na kibao: USIGUSE. Kusema haki, kibao nilikiona na nikakielewa, nisije nikasingizia shule (niliishia darasa la nane). Lakini mimi nimelelewa Kakamega, na mtu wa kwetu hawezi kupita kando ya mmea ulionyauka akiwa na jagi la maji mkononi akaendelea na safari. Nikajiambia maji si mkono.

Basi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, nazinywesha. Wiki ya tatu nikaongeza mbolea kijiko kimoja. Na lile la sita likanisikitisha zaidi, limekaa kama kaburi jipya, nikatia mchanga wa kwenye chungu cha maua na mbegu za managu, mboga ya kwetu, nilizopewa na dada mmoja wa Germantown. Yakaota hayo, we!

Leo ikawa siku ya mkutano. Walikuja wakaguzi wawili na watu wanaoishi chini ya lile lundo, akiwemo bibi mmoja mwenye mkongojo ambaye nyumba yake ndiyo ya kwanza ukishuka. Kila mmoja akawekewa karatasi, atie sahihi kwamba amekubali lundo lifunikwe kwa udongo wa inchi nne badala ya futi nne za sheria.

Meneja wetu, Todd, akafunua masanduku kama bwana harusi. "Miezi mitatu," akasema, "hayajaonja tone la maji! Na tazameni hili, hatukuweka udongo wala mbegu. Ardhi imejiponya yenyewe." Watu wakapiga makofi. Mkaguzi mmoja akayapiga managu yangu picha.

Saidi akanisogelea pale kwenye birika. "Dada, ule si mnavu?"

"Sisi twaita managu."

Akafumba macho. "Umepanda wewe?"

"Na maji nimetia mimi. Yote."

"Basi nyamaza, dada yangu, nakuomba. Tutarudi kwetu na barua za kufukuzwa mkononi."

Ningenyamaza, nawaambia ukweli, mimi si shujaa. Ila nilikuwa nammiminia chai yule bibi, na bibi alikuwa ameshatoa kifuniko cha kalamu, na nikaona lile lundo likishuka na mvua kama hii ya leo hadi jikoni kwake. Chai ikamwagika kwenye karatasi. Halafu mdomo ukaondoka bila mimi.

"Samahani. Mimi nimekuwa nikiyamwagilia."

Todd akacheka kwa upole (si mtu mbaya, nisimwonee). "Anamaanisha maua ya mapokezi."

"Hapana, haya haya. Mara tatu kwa wiki. Na mbolea. Na hizi si ardhi kujiponya, ni mboga, nimepanda mwenyewe."

Yule mkaguzi aliyepiga picha akauliza, "Zinaliwa?" Nikajibu zinaliwa, ukitia maziwa uchungu unapungua. Akaandika! Wallahi sijui aliandika nini.

Bibi akarudisha kifuniko cha kalamu. "Todd, mwanangu, kule kwangu huyu mama atakuja siku zipi?"

Wakacheka wote isipokuwa watatu: Todd, Saidi na mimi. Karatasi zikakusanywa bila sahihi hata moja, mkaguzi akasema jaribio lianze upya, na kwamba bila hilo ni futi nne zile zile. Todd akaniambia taratibu nisije kesho, atanipigia. Ilikuwa kazi yake ya mwaka mzima, na mimi ndiye niliyeiharibu, kwanza kwa maji, halafu kwa mdomo. Saidi amenisindikiza hadi kwenye gari, na mlangoni akasema: "Dada, ungemwagilia kidogo basi."

Naapa, kitu cha watu kikinyauka tena mbele yangu, kinyauke, wenyewe wakione. Huruma isiyoombwa nimeiacha.

Jioni nyumbani tumekula ugali na mayai ya kukaanga, simu katikati ya meza karibu na chumvi, na kila mtu akijifanya haioni.