Mijohoro ya Kumnyima Jua Jirani

Jirani yetu wa Bangwe aliukata mwarobaini wa mpakani siku niliyokwenda kwenye usaili wa kazi. Niliporudi nilikuta kisiki, na jua limeingia hadi kitandani kwa mama. Mti ule ulisimama kati ya dirisha lake na ziwa, upande jua linakotua. Jirani alikuwa na sababu moja tu: asubuhi kivuli kiliangukia chanja zake, dagaa wakachelewa kukauka.

"Mtazoea," aliniambia. "Si una digrii? Mnunulie mama feni."

Feni tulinunua. Ikawa inasukuma hewa ya moto kutoka ukutani hadi kitandani. Mama ana presha. Msimu ule wa joto, kabla mvua hazijaanza, nilimkuta ameanguka sakafuni, ngozi inaunguza, ananiita kwa jina la dada yake marehemu. Hospitalini walimtundikia dripu, wakasema joto limemzidi, na kwamba akiendelea kulala kwenye chumba kile, safari nyingine huenda tusiwahi.

Nilitunga malalamiko ya kupeleka kwa mtendaji wa kata. Nikatunga na utetezi wa jirani, nikaujibu, nikashindwa kwenye mabishano niliyoyabuni mwenyewe. Ndipo nikaona kwamba mti unaomkinga mama na jua la jioni ndio huohuo unaomnyima jirani jua la asubuhi. Sikulazimika kuchagua kati ya kumlinda mama na kulipiza kisasi.

Nilinunua miche ya mijohoro kule Mwandiga, nikaipanda ndani ya mpaka wetu, mstari mzima, na mama nikabadilishana naye chumba mpaka ikue. Nikiimwagilia maji ya ziwani nilimuwaza jirani akigeuza dagaa wabichi, inzi wamemzunguka, na usiku nililala vizuri.

Mijohoro ilipopita bati la nyumba, mama alirudi chumbani kwake, akaanza kulala mchana bila feni. Jirani akaja uani.

"Shikamoo, mama jirani," nikamwamkia.

"Marahaba. Huu ni uzio au jela? Dagaa wangu hawaoni jua mpaka saa tano."

"Watazoea."

Mama alisikia. Aliniita ndani, akaniambia nimkatie jirani mti mmoja, kwa kuwa siku ile alipoanguka, ndiye aliyesaidia kumbeba hadi kwenye bajaji. Hilo huwa sipendi kulikumbuka.

"Ego, mama," nikakubali kwa Kiha, kama mtoto msikivu.

Asubuhi kadhaa nilizunguka na panga, nikiangalia kivuli cha kila mti kinaangukia wapi. Nikakata wa mwisho kabisa, ambao kivuli chake kiliangukia choo cha jirani.

Alikuja, akatazama bati la choo likimeta, kisha chanja zake zilizo kivulini.

"Ahsante, mwanangu," akasema, akicheka puani. "Choo changu sasa kitakauka vizuri."

Sikucheka. Alipoondoka nikachukua ndoo, nikashuka ziwani. Mijohoro iliyobaki ilihitaji maji.