Koko wa Rugaaga

Juzi mjini Mbarara niliona watoto wamevaa vinyago vya mizimu, wamebeba maboga ya plastiki, nikakumbuka Siku ya Marehemu ya utotoni mwangu.

Alasiri hiyo Mama alitutoa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mimi na mdogo wangu, akatupeleka makaburini Rugaaga. Alibeba mshumaa na boga la kuchemsha. Alichagua kaburi lililomezwa na majani, akayang'oa kwa mikono hadi harufu ya udongo mbichi ikatujaa puani.

“Musalimie koko yenu,” alisema.

Koko ni bibi yetu, aliyefia Kongo. Kwa akili yangu ya kitoto, nilifurahi sana kwamba naye alikuwa amekimbia vita, akafika salama.

Mara akaja mama mmoja Mnyankore, mwenyeji wa pale, ameshika maua.

“Huyu ni mama yangu,” alisema kwa mshangao. “Nyinyi nani?”

Mama alisimama, akamnong'oneza. Maneno yale aliniambia nilipokuwa mtu mzima: “Utusamehe, dada. Mama yangu alibaki kule. Sina fasi ya kumuwashia mushumaa.”

Yule mama alilitazama kaburi lililosafishwa, kisha akaketi nyasini.

“Kaa,” alisema. “Mama yangu alikuwa napenda watoto.”

Tulikula boga pamoja, tamu, lingali na uvuguvugu. Nikamwegemea yule mama, nikamuuliza mbona hajawahi kututembelea, ilhali naye ni mtoto wa Koko.

Mama alijifunika uso kwa kitenge.

“Sikujua nyumba,” yule mama alinijibu. “Sasa nitakuja.”